Komisionere Aliyekataa Kuuza Nyumba Yetu

Mtu anayehudhuria matanga ya watu asiowajua, mimi humtazama mara mbili. Komisionere alikuwa hakosi matanga. Pale Mususa, mtaa wetu, mtu akifa asubuhi, mchana utamkuta amekaa kwenye benchi la nyuma, koti lake jeusi la mvua limekunjwa mapajani, anasikiliza nani analia na nani halii. Hakuwa ndugu wa marehemu, wala rafiki. Kazi yake ilikuwa kuuza nyumba za watu, na sisi sote tulijua kwamba kifo kikipita, nyumba huanza kutafutiwa mnunuzi. Wanawake wa mtaa walimpa sahani yake kwa heshima, kisha wakigeuka wanaangaliana.

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita nalo. Wote walisema Komisionere, hata padri. Kwetu Butembo komisionere ni yule anayemkutanisha mwenye nyumba na mwenye kutafuta nyumba, halafu anapata chake katikati. Wengine wa kazi hiyo walikuwa vijana wepesi wa mdomo, suruali zimepigwa pasi, wakisimama karibu na soko na kumdaka kila anayepita. Yeye hakumwita mtu. Hilo nalo lilinitia shaka, kwa sababu mfanyabiashara asiyetafuta mteja ana mteja wake mahali.

Alikuwa na tabia ya kwenda kutazama nyumba wakati mvua inanyesha. Siku ya jua ungemwita mpaka uchoke. Mawingu yakianza kukusanyika, anavaa koti na buti za mpira, na yule mzee aliyekuwa hana haraka na jambo lolote duniani anaanza kukimbia kwenye matope. Akifika hakai. Anasimama uani, anaangalia maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi, kisha anakwenda kutazama choo, kisha anatazama uso wa jirani. Ndani ya nyumba yenyewe anaweza asiingie kabisa. Ukimpa chai anakataa, hata maji ya kunywa. Alisema hanywi kitu katika nyumba inayouzwa. Lakini kwenye matanga alikula na kuongezwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza tofauti iko wapi.

Watu wana mambo wanayoyaamini juu ya kuuza nyumba, wameyarithi tu, kama wanavyorithi kikohozi. Yeye hakukubali hata moja. Kulikuwa na mfanyabiashara wa chumvi, mtu wa mtaa wetu, aliyetaka kuuza nyumba yake ya chini bondeni. Akaipaka rangi ya bluu, nje na ndani, mpaka mlango wa jiko. Komisionere alipofika, mvua inampiga, alicheka.

“Umepaka rangi juu ya nini?”

“Ili bei ipande, Papa. Nyumba ikingaa, mutu anaipenda.”

“Sasa kila mutu atauliza ulikuwa unaficha nini.”

Na kweli, kila aliyeletwa kutazama alianza kwa kubonyeza ukuta kwa kidole gumba. Hakuna aliyenunua. Masika ilipokolea, unyevu ukapanda na doa likatokea palepale juu ya bluu. Ndipo Komisionere akamleta mnunuzi wake, akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja mpaka kwenye doa, akamwonyesha na mahali pa kuchimba mfereji. Nyumba ikauzwa. Watu walimsifu. Mimi nilijiuliza, ni nani huyo anayeanza kwa kuonyesha kilema cha mali aliyopewa auze? Mtu wa namna hiyo, niliwaza, anakula kwa mnunuzi.

Sisi watu wa Butembo tunapenda kuficha. Mtu ana maduka matatu na anavaa shati lililofifia kola. Kwa hiyo kuuza nyumba kwetu ni aibu na ni hatari pia: majirani watasema umefilisika, wezi watasikia kwamba kuna fedha inakuja, na katika miaka ile ya vita, wenye bunduki watasikia kabla ya wezi. Kila mtu aliamini kwamba nyumba huuzwa kimya. Ukimpa Komisionere nyumba yako, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma, na kuwatangazia. Watu walimchukia kwa hilo. Fundi viatu mmoja aliona heri kumkwepa, akauza peke yake. Mnunuzi alipokuja na matofali ya kupanua jiko, jirani wa nyuma akatoka na panga, akasema mpaka uko hapa, na njia ya kwenda kisimani ni yangu. Kesi ikaenda kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, mauzo yakavunjika, na fundi viatu akabaki na nyumba yenye ukuta nusu. Komisionere alipoulizwa alisema, “Jirani ndio mulango ya kwanza. Ukimufungia ule, mununuzi atapitia wapi?”

Maneno yake yalikuwa mazuri, sikatai. Ila maneno mazuri yana kazi yake. Na kulikuwa na jambo la askari. Alipokutana nao barabarani hakuinamisha kichwa kama sisi wengine. Aliwasalimu kwa Kilingala, “Mbote, chef,” nao wakamjibu wakicheka, wakampitisha kwenye kizuizi bila kumpekua. Askari gani anacheka na raia bure? Katika miaka ile nyumba zilizoachwa wazi zilijaa askari upesi mno, kama kwamba kuna mtu anawaelekeza. Mtaani jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini. Misa ya Jumapili alibaki mpaka matangazo ya mwisho, ya wanaooana na waliokufa, na Mama yangu alisema yule mzee haji kusali, anakuja kusoma soko.

Ndiyo maana nilishangaa Mama alipomwita.

Tulikuwa na nyumba Beni, upande wa Ruwenzori. Ya matofali ya kuchoma, baba aliijenga polepole kwa faida ya maharagwe na mawese, na Mama alibeba mchanga wake kichwani. Baba alikufa kwa ugonjwa wakati vita vinakaribia, na Mama akatukusanya, akamwachia jirani ufunguo, akatuleta Butembo kwa kaka yake. Mjomba alitupokea vizuri. Lakini nyumba ya mtu ni ya mtu. Tulilala sebuleni, na haikupita muda mke wa mjomba akaanza kutaja makaa yanavyokwisha. Mama alitaka jambo moja tu, na alilitaka miaka yote: auze ile ya Beni, apate kijumba hapa, hata cha udongo, awe kwake.

Komisionere alikuja na mvua, kama kawaida, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa mbali Beni. Mama alimtandikia karatasi mezani. Zilikuwa nyingi, maana kila utawala uliopita ulitaka kugonga mhuri wake, na Mama aliamini kwamba mihuri ikiwa mingi, nyumba ni yako zaidi. Mzee hakuzigusa.

“Mama Masika, matanga ya mume wako ilifungwa?”

Mama akaanza kukusanya karatasi zake. Kwetu mtu akifa, kilio kinafunguliwa nyumbani kwake na kinapaswa kufungwa hapohapo: ndugu zake na mjane wanakula sufuria moja, wanafagia uani pamoja, kisha kila mtu anarudi kwake. Yetu haikufungwa. Shangazi, dada wa pekee wa baba, alifika kutoka Kirumba, kusini mwa Butembo, akiwa amechelewa kumwona kaka yake hai, na mbele ya watu wote akamwambia Mama kwamba alimficha ugonjwa ili afe afaidi nyumba. Mama akajibu kwamba barabara zilifungwa na wenye vita, si yeye. Maneno yakawa makali. Shangazi akaondoka kabla ya kufagia, akapakia kiti cha baba juu ya lori la viazi, akaenda nacho kwake.

“Nyumba iko yangu,” Mama alisema. “Muchanga niliibeba miye. Yeye alibeba nini?”

“Sikatae, Mama. Mais dada yake analia bado. Nyumba yenye kuwa na kilio, batu hawainunue, banaiazima tu. Kesho mwenye kulia atakuya kuifungua.”

“Weye uko komisionere ao uko katekista?”

“Akuye alale mule siku moja, mukule pamoja, mufagie. Kisha nitakuletea mununuzi.”

Mama hakutaka kusikia. Hata hivyo mzee alifunga safari ya Kirumba, wakati ambapo upande ule ulishikwa na watu wengine na barabara ilikuwa na vizuizi visivyopendana. Alirudi akasema shangazi anafikiri. Akaenda tena. Bado anafikiri. Wakati huo mtu hakuvuka mstari wa mapigano kwa sababu ya kilio cha watu wengine, na mimi nikaanza kumwangalia vizuri.

Mjomba akanituma Kirumba kwa maharagwe, njia ilipofunguliwa kidogo. Sokoni, kwenye kibanda cha mama muuza ugali, nikamwona Komisionere ameketi na shangazi. Walikuwa wanakula mbuzi. Shangazi alikuwa anacheka, yule shangazi aliyetuacha na laana uani, anacheka mpaka anafuta macho. Sikuwasalimu. Nilirudi na gunia langu na habari yangu, na Mama hakushangaa.

“Wametuuzisha tayari,” alisema. “Bado kugawanya.”

Mnunuzi aliyempendeza Mama alijileta mwenyewe. Alikuwa afisa wa jeshi kutoka mkoa mwingine, amepangiwa Beni, mtu wa sauti ya upole na Kifaransa kizuri, Mkatoliki kama sisi. Alitajiwa bei akasema sawa. Hakupunguza hata kidogo. Mama alifurahi kiasi cha kumchinjia kuku, na mke wa mjomba ghafla akawa na makaa ya kutosha. Komisionere alipata habari, sijui wapi, akaja siku hiyo jua linawaka.

“Mutu asiyebishana bei hana mupango ya kulipa,” alisema kabla ya kukaa.

“Ao una wivu juu ya kukosa chako?”

“Mama, nyumba hapana mbuzi. Mbuzi ukidanganywa, unakosa nyama. Hii ukidanganywa, utakosa kwenu.”

Mama akasimama, akamwonyesha njia, akamwambia asirudi. Nilifurahi. Naona mpaka leo uso wa mzee, haukuonyesha hasira wala huzuni, na uso usioonyesha kitu nauogopa kuliko ngumi.

Haukupita muda mrefu tukapata salamu kutoka Beni. Shangazi alikuwa ndani ya nyumba yetu. Ameingia na magunia yake, na kiti cha baba amekirudisha barazani, na majirani wote wamemkaribisha kwa sababu Komisionere alipita kwao kwanza kuwaambia dada wa marehemu anakuja kulala siku moja. Siku ile moja haikuisha. Watu wa afisa walipokuja kupokea nyumba, walikuta moshi unatoka jikoni na mama mzee mwenye kitambaa cheusi anafagia. Akawaambia yuko kwenye kilio, waingie kama wanataka kilio kiwafuate. Wakaondoka.

Afisa akachukua nyumba nyingine, mtaa wa chini, ya mjane mmoja. Naye hakupunguziwa bei. Aliambiwa aende bureau ya jeshi kuchukua fedha kesho, akaambiwa kesho tena, na afisa akiwa ameshaingia na vitanda vyake. Mpaka afisa anahamishwa kwenda vita vingine, yule mjane hakuona kitu, na ndani ya nyumba akaachiwa askari wa cheo cha chini. Habari hiyo ilifika Mususa na watu wakaja kumwambia Mama ashukuru.

“Mwivi moja amefukuza mwenzake,” Mama alijibu. “Nishukuru yupi?”

Nami nilisema hivyo hivyo. Watu hudhani anayeiokoa mali yako ameiokoa kwa ajili yako. Shangazi yuko ndani ya nyumba ya Mama, anakula ndizi za Mama, na Mama yuko sebuleni kwa watu. Hesabu hiyo haihitaji shule. Tulimpeleka shangazi kwa wazee wa ukoo, wakasema vita viishe kwanza. Vita havikuisha, vilibadilisha majina. Nikaolewa, wadogo zangu wakatawanyika, mjomba akazeeka, na Mama akabaki palepale na mashuka yake yakihifadhiwa mchana nyuma ya kochi. Niliponunua kitanda changu cha kwanza nililia kwa sababu hiyo. Nilimwalika aje kwangu, akakataa. Alisema hataki kuhama kutoka kwa kaka kwenda kwa mkwe, anataka kwake.

Katika miaka hiyo yote Komisionere aliendelea kutusalimu kanisani. Mama hakuitika. Yeye alivua kofia vilevile Jumapili iliyofuata.

Alikuja tena amekwisha zeeka, mgongo umeinama, koti lilelile. Mvua ilikuwa kubwa. Mimi nilikuwa nimemtembelea Mama na nilitaka kumfungia mlango, lakini mjomba akamwita ndani.

“Mama Masika, wifi yako amekubali. Nyumba iuzishwe. Mununuzi iko, mutu wa ku Kirumba. Mais kwanza uende, mufunge matanga.”

“Juu ya nini amekubali leo?”

“Amezeeka. Miguu inamuuma.”

Nikamnong'oneza Mama kwamba ni mtego, kwamba tukifika tutakuta karatasi nyingine na shahidi tusiyemjua. Alinisikiliza, kisha akainuka, akaanza kufunga mzigo: unga wake wa muhogo, sombe yake ya majani ya muhogo iliyokaushwa, chumvi yake, na sufuria.

“Nitaenda,” alimwambia mzee. “Mais chakula yake sitakula.”

“Sawa,” alisema Komisionere. “Uikule ya kwako.”

Tukasubiri Mususa. Juma likapita, mwezi ukapita. Kila gari lililotoka Beni lilileta salamu zilezile: Mama mzima, mnunuzi bado hajafika. Kisha salamu zikaja zikisema nimtumie Mama nguo zake zote na ile picha ya ndoa yake. Nilisema sasa wamemfunga, wamemlazimisha asaini, wanataka kumhamishia kibanda cha nyuma. Mume wangu alinitazama akasema nenda, maana hutatuacha tulale nyumba hii.

Nilifika Ruwenzori jioni, jua likiwa bado juu ya migomba. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Barazani, kwenye kiti cha baba, alikuwa amekaa Komisionere, anamenya karanga. Jikoni nilisikia sauti mbili zikibishana juu ya chumvi, moja ikisema sufuria ya mgeni haijui kupika ndizi, na nyingine ikisema mgeni ni nani hapa. Zilikuwa sauti za watu walioshiba kubishana na bado wanabishana. Nikapita moja kwa moja mpaka kwa mzee, sikumwamkia.

“Papa, mununuzi iko wapi?”

“Hakuna mununuzi.”

“Hakukuwako?”

“Hapana.”

“Ulidanganya Mama yangu.”

“Ndiyo. Na shangazi yako pia. Ile siku nilimuambia akuye alale siku moja, nilijua hatatoka. Nyumba yenye moshi, askari anaipita. Nikafikiri, wakishachoka kuchukiana, nitaleta ule mwengine. Nilifikiri itakuwa mwaka moja, mbili.” Alitupa maganda uani. “Nilikosea. Bako na vichwa vigumu, bote wawili.”

“Mama amelala sebuleni ya batu miaka yote ile. Ungesema tangu mwanzo.”

“Ningesema nini? Kwamba aende akae na mutu anayesema aliua mume wake? Angeniskia?”

Nilikuwa namjua Mama.

“Masika, nikuulize. Mama yako alikuwa anatafuta feza, ao fasi ya kukaa?”

“Fasi ya kukaa.”

“Bon.”

Nilikuwa nimekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka akione. Nikamwuliza lile nililotaka kumwuliza tangu utoto. “Na weye? Umepata nini?”

Hakuona haya. Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, ambapo ardhi inateremka kwenda mtoni. Kulikuwa na shamba la maharagwe lililopaliliwa vizuri, mistari imenyooka.

“Shangazi yako alinipa nilime pale. Tangu ile siku ya ku Kirumba. Nikikuya kulima, nalala kwa jirani.”

Nilijua. Tangu zamani nilisema kuna kitu, na kitu kilikuwapo, kimeota majani. Nilitaka kumwita Mama aje aone, nimwambie huyu mzee wako amekula kwetu misimu yote hii wewe ukiwa kwenye godoro la kukunja. Sijui kama ningesema. Mama alitoka jikoni kabla sijafungua kinywa, anafuta mikono kwenye kitenge, amenenepa kidogo. Alinikumbatia, akanishika uso, kisha akatutazama sote wawili na karanga za mzee.

“Munaongea mpaka saa ngapi?” alisema. “Papa Komisionere, rudia kwa jirani sasa. Masika, ingia. Nataka kulala.”

Giza lilikuwa bado halijaingia. Kule kwa mjomba, wageni wa watu wengine ndio walioamua saa ya Mama kutandika. Wakikaa mpaka wachoke, naye alikaa ukutani akisinzia, anacheka wanapocheka. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu aondoke ili yeye alale. Komisionere aliinuka, akachukua koti lake, akateremka kwenda barabarani. Mimi nikaingia, na Mama akafunga mlango kwa komeo.